Maswali ya Wasomaji: Kuacha Hita ya Tangi na Kuhamia Hita ya Papo kwa Papo

Barua nyingi zilizotufikia safari hii zinauliza jambo moja kwa njia mbalimbali: je, inafaa kuondoa hita ya maji yenye tangi na kuweka ile ndogo ya ukutani inayopasha maji yakiwa njiani kuelekea bombani? Tumechagua barua zinazogusa mambo yanayowakwaza watu zaidi, na tumelijibu swali la kwanza kwa urefu kwa sababu hesabu zake zitahitajika katika majibu yanayofuata.

SWALI: Ndugu Mhariri, nyumbani kwetu tuko watu watano, na kwa miaka mingi tumetumia hita ya umeme yenye tangi la lita 100. Sasa tangi limeanza kuvuja kwenye kitako, na fundi anasema halizibiki. Muuzaji wa vifaa ametushauri tununue hita ya papo kwa papo, akituhakikishia kwamba umeme tunaoutumia kwa maji moto utapungua kwa nusu. Je, tumwamini?
— Baba wa watoto watatu

JIBU: Ndugu msomaji, fundi wako amesema kweli. Kama maji yangekuwa yanatoka kwenye maungio ya bomba au kwenye vali ya usalama, pangekuwa na la kutengeneza. Lakini tangi la chuma linapovuja kwenye kitako, maana yake ufito wa magnesiamu uliowekwa ndani ili uliwe na kutu badala ya tangi umekwisha, na kutu imeanza kulila tangi lenyewe. Hilo ni la kubadilishwa. Muuzaji naye hakukudanganya aliposema kuna nafuu, ila kiasi alichokitaja hakitokani na hesabu.

Tuifanye hesabu hiyo. Kupandisha joto la lita 100 za maji kutoka nyuzi 20 za Selsiasi hadi nyuzi 60 kunahitaji uniti 4.65 za umeme, yaani kilowati 4.65 kwa saa moja. Maji hayo ya nyuzi 60, yakichanganywa na ya baridi, yanatoa lita 200 za kuogea za nyuzi 40, ambazo zinatosha watu watano kuoga lita 40 kila mmoja. Hita ya papo kwa papo ikipasha lita hizo hizo 200 kutoka nyuzi 20 hadi nyuzi 40, nayo itatumia uniti 4.65. Si zaidi, si pungufu. Maji hayajui yamepashwa na kifaa gani, na koili ya umeme katika vifaa vyote viwili hugeuza karibu umeme wote kuwa joto, kwa hiyo hakuna kifaa kinachoweza kujisifu kwamba kinapasha kwa ufanisi kuliko kingine.

Nafuu inatoka mahali pamoja tu, nayo ni joto linalopotea tangi likiwa limekaa bila kutumiwa, usiku kucha na mchana wote mnapokuwa kazini na shuleni. Tangi la lita 100 lenye kizuia joto kizuri hupoteza takribani uniti 1 hadi 2 kwa siku kwa njia hiyo. Tukichukua uniti 1.5, matumizi yenu ya siku ni uniti 6.15, na hita isiyo na tangi ingewaondolea ile 1.5, ambayo ni kama robo. Hesabu hii haiko mbali na makadirio ya Wizara ya Nishati ya Marekani, ambayo inasema kwamba nyumba inayotumia lita zisizozidi 155 za maji moto kwa siku inaweza kupata ufanisi zaidi wa asilimia 24 hadi 34 kwa kutumia hita isiyo na tangi, ilhali nyumba inayotumia maji mengi, kama lita 325, hupata asilimia 8 hadi 14 tu. Angalia mwelekeo wa takwimu hizo, kwa sababu watu wengi huuelewa kinyume: kadiri familia inavyotumia maji mengi, ndivyo nafuu inavyopungua, kwa kuwa joto linalopotea kwenye tangi kila siku hubaki karibu lile lile, hivyo huwa sehemu ndogo zaidi ya matumizi yote.

Sasa nije kwenye jambo ambalo muuzaji hakulitaja, nalo kwangu ndilo lenye uzito kuliko yote. Tangi lenu lina koili ya kilowati 3, na huchukua zaidi kidogo ya saa moja na nusu kuyapasha maji yake. Hakuna anayeona muda huo, kwa sababu unapita mkiwa mmelala. Hita ya papo kwa papo haina muda wa namna hiyo. Maji yanaingia baridi na yanatakiwa kutoka moto baada ya sekunde chache, kwa hiyo kazi iliyogawanywa katika saa nzima inapaswa kufanyika hapo hapo kwa nguvu kubwa. Kanuni yake ni rahisi na ningependa kila mnunuzi aiandike kwenye karatasi kabla ya kwenda dukani: zidisha lita za maji kwa dakika mara nyuzi za joto unazotaka kuongeza, kisha zidisha mara 0.07, nawe utapata kilowati zinazohitajika. Bafu moja linalotoa lita 8 kwa dakika, kwa ongezeko la nyuzi 20, linahitaji kilowati 11.2. Wawili wakioga kwa wakati mmoja katika mabafu mawili, ni kilowati 22.4. Nyaya za nyumba iliyojengwa kwa ajili ya hita ya kilowati 3 haziwezi kubeba mzigo huo, na mara nyingi hata umeme unaoingia kwenye mita hautoshi.

Kwa hiyo ushauri wangu kwenu ni huu. Ikiwa nyumba yenu ina umeme wa fezi tatu, au ikiwa mna bafu moja tu na mko tayari kuvuta kebo mpya kutoka kwenye kisanduku kikuu cha umeme, hita isiyo na tangi itawafaa na itadumu. Kwa kawaida hukaa zaidi ya miaka 20, ilhali ya tangi hukaa miaka 10 hadi 15. Ikiwa hamna fezi tatu na mabafu ni mawili yanayotumika asubuhi ile ile, nunueni tangi jipya lenye kizuia joto kinene, mkalifungie saa ya kuwasha na kuzima, na fedha ambayo ingeingia kwenye nyaya mkaitunze. Najua jibu hili halina mvuto wa kifaa kipya, lakini familia ya watu watano inayotumia tangi lake lote kila siku ndiyo inayopata nafuu ndogo zaidi kwa kulibadilisha.

SWALI: Mwandishi wetu, nimeona hita ya kilowati 7.5 ambayo kwenye boksi lake imeandikwa kwamba inatoa lita 10 kwa dakika. Nyingine yenye kilowati hizo hizo imeandikwa lita 5. Inawezekanaje, na ninunue ipi?
— Mpangaji wa nyumba ya vyumba viwili

JIBU: Zote mbili zinaweza kuwa zimeandika kweli, na hapo ndipo mnunuzi anapopotea. Idadi ya lita haina maana yoyote mpaka iambatane na ongezeko la joto. Kwa kanuni tuliyoitoa hapo juu, kilowati 7.5 zinaweza kupasha lita 10 kwa dakika, ila kwa kuongeza nyuzi kama 10.7 tu, maji yaliyoingia na nyuzi 20 yatatoka yakiwa na nyuzi 31 hivi, ambayo si maji ya kuogea. Kwa ongezeko la nyuzi 20 kifaa hicho kitatoa lita 5.4, na kwa ongezeko la nyuzi 30 kitatoa lita 3.6. Hakuna mtengenezaji anayeweza kuikwepa hesabu hiyo, kwa hiyo soma maandishi madogo yaliyo chini ya namba kubwa, na ukikuta hayataji ongezeko la joto, acha boksi hilo dukani.

Kabla ya kununua, fanya vipimo viwili nyumbani. Weka ndoo ya lita 10 chini ya shawa, ifungulie kama unavyoifungulia unapooga, na uhesabu sekunde mpaka ndoo ijae. Ikijaa kwa sekunde 75, maji yako ni lita 8 kwa dakika. Kisha pima joto la maji ya baridi kwa kipimajoto, na uyapime asubuhi ya msimu wa baridi ikiwezekana, kwa sababu hita inayotosha wakati wa joto inaweza kukuaibisha maji ya bombani yanaposhuka kwa nyuzi 8 au 10. Maji ya kuogea huwa kati ya nyuzi 38 na 40. Ya kuoshea vyombo vyenye mafuta yanahitaji kama nyuzi 45. Ukishapata namba hizo mbili, huhitaji tena ushauri wa muuzaji juu ya ukubwa.

SWALI: Mhariri, tuliondoa tangi tukaweka hita ya papo kwa papo ya kilowati 7.5, na fundi aliiunganisha kwenye waya uliokuwa wa tangi. Breka ilikuwa ikijizima kila tukioga kwa dakika chache, hivyo akaweka breka kubwa zaidi. Sasa haijizimi, lakini ukuta ulio karibu na swichi unakuwa wa moto. Je, kuna hatari?
— Mama mwenye nyumba

JIBU: Mama, naomba uizime hita hiyo sasa, kabla hujamaliza kusoma jibu hili, na isiwashwe tena mpaka waya ubadilishwe. Hatari ipo, nayo ni ya moto.

Tangi la kilowati 3 kwenye umeme wa volti 230 huvuta ampia 13, na kwa kawaida hufungiwa waya wa milimita za mraba 2.5 pamoja na breka ya ampia 16 au 20. Hita ya kilowati 7.5 huvuta ampia zipatazo 33. Mkondo umeongezeka mara mbili na nusu, lakini joto linalozalishwa ndani ya waya huongezeka kwa kipeo cha pili cha mkondo, yaani zaidi ya mara sita. Breka ya zamani ilipokuwa ikijizima, haikuwa imeharibika. Ilikuwa ikitimiza kazi yake ya kuulinda waya. Kuiondoa na kuweka kubwa bila kugusa waya ni kumnyamazisha mlinzi na kuuacha mlango wazi. Ganda la waya linalopata joto hivyo kila siku hukauka na kupasuka, na kwa kuwa limefichwa ndani ya ukuta, dalili ya kwanza kuonekana inaweza kuwa moshi.

Kinachotakiwa ni kebo mpya itokayo moja kwa moja kwenye kisanduku kikuu cha umeme bila kugawana na kitu kingine chochote, yenye milimita za mraba zisizopungua 6, au 10 ikiwa inapita ndani ya ukuta au ni ndefu. Breka ya ampia 40 iliyochaguliwa kwa kuzingatia kebo hiyo. Swichi inayokata nyaya zote mbili, yaani wenye umeme na ule wa kurudishia. Waya wa ardhini uliopimwa na kuthibitishwa kuwa unafanya kazi. Na kifaa cha kukata umeme unapovuja, chenye kiwango cha miliampia 30. Hicho cha mwisho ndicho kinachookoa uhai wa mtu aliyesimama ndani ya maji, kwani breka ya kawaida hulinda waya, haimlindi mwogaji.

Nitumie nafasi hii kusema neno juu ya shawa ndogo za umeme ambazo koili yake imo ndani ya kichwa cha shawa. Nyingi kati yake zina koili tupu inayoguswa na maji moja kwa moja, na usalama wake wote unategemea waya wa ardhini. Maji yenye chumvi hupitisha umeme vizuri zaidi, jambo linaloongeza hatari. Mtu anayehisi mwasho au mtetemo wa umeme kila anaposhika koki ameshapata onyo, na asilizoee kwa kuvaa kandambili bafuni. Aite fundi umeme aliyesajiliwa siku hiyo hiyo.

SWALI: Ndugu mwandishi, hita yetu mpya inawaka na kuzima wakati wa kuoga. Maji yanakuwa moto sana, ninapunguza koki ya maji moto, mara yanakuwa baridi kabisa. Maji yetu yanatoka kwenye tangi lililo juu ya paa. Je, hita ni mbovu?
— Msomaji wenu wa siku nyingi

JIBU: Yumkini si mbovu. Hita ya papo kwa papo ina kihisi kinachopima mwendo wa maji, na haiwaki mpaka yapite maji ya kutosha, mara nyingi lita 2 hadi 2.5 kwa dakika. Kizuizi hicho kimewekwa makusudi, kwa sababu koili ikiwaka bila maji ya kutosha itaungua. Tatizo lako lina mizizi miwili inayosaidiana.

Wa kwanza ni presha. Kila mita moja ya kimo kati ya maji ya kwenye tangi la paa na shawa hutoa presha ya bari 0.1. Tangi likiwa mita 2 juu ya shawa, una bari 0.2 tu, na hita nyingi zinahitaji zaidi ya hapo; kiwango kimeandikwa kwenye kibati kilichobandikwa ubavuni mwa kifaa. Hita ya tangi haikujali jambo hilo, kwani ilitoa maji moto hata kwa mchirizi mdogo. Kabla ya kununua pampu, ifungue chujio iliyo kwenye mlango wa maji ya baridi uisafishe, halafu ukisugue kichwa cha shawa, maana mchanga na chokaa hula sehemu kubwa ya presha ndogo uliyonayo. Ikiwa bado haitoshi, pampu ndogo ya kuongeza presha itahitajika.

Wa pili ni mazoea tuliyoyarithi kwenye tangi. Tulizoea maji ya nyuzi 60, tukachanganya na ya baridi mpaka yakatufaa. Ukiiweka hita isiyo na tangi kwenye nyuzi 60 kisha ukaibana koki ya maji moto, maji yanayopita ndani ya hita yanapungua hadi chini ya kile kiwango cha kuwaka, nayo inazima. Unapata baridi, unaifungulia tena, inawaka, na mzunguko unaendelea hivyo. Punguza joto kwenye hita yenyewe hadi nyuzi 40 au 42, kisha ifungulie koki ya maji moto yote na uguse ya baridi kidogo tu, au usiiguse kabisa. Wasomaji wengi waliotuandikia wakilalamika juu ya maji yanayobadilika-badilika wanaweza kupona kwa hatua hiyo peke yake, bila kununua chochote.

SWALI: Mhariri, kwetu umeme hautoshi kwa hita kubwa, kwa hiyo tunataka kutumia hita ya papo kwa papo inayotumia gesi ya mtungi. Nafasi iliyopo ni ndani ya bafu, juu ya mlango. Dirisha lipo, ingawa ni dogo. Je, panafaa?
— Kijana anayejenga

JIBU: Hapafai, ndugu yangu, na kama ningeweza kuliandika neno hilo kwa herufi kubwa ukurasa mzima ningefanya hivyo.

Hita ya gesi ina nguvu nyingi kweli. Ya kilowati 24 hutoa lita 12 kwa dakika, na zaidi kidogo, kwa ongezeko la nyuzi 28, jambo ambalo umeme wa kawaida wa nyumbani hauwezi. Lakini nguvu hiyo inatokana na moto, na moto unataka hewa. Ikifanya kazi kwa nguvu yake yote, hita hiyo huchoma zaidi ya kilo 2 za gesi kwa saa, na kila kilo inahitaji zaidi ya mita 12 za ujazo za hewa ili iungue vizuri. Bafu lenye upana wa mita 2, urefu wa mita 2 na kimo cha mita 2.5 lina mita 10 za ujazo tu. Hewa safi ikipungua, gesi huungua nusunusu na kutoa monoksidi kaboni, ambayo haina rangi wala harufu, na ambayo hushikamana na chembe nyekundu za damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Mwogaji huumwa kichwa, huona kizunguzungu na kichefuchefu, hudhani amechoka au amekaa na njaa, kisha magoti yanalegea kabla hajaufikia mlango. Dirisha dogo ambalo mtu hulifunga kwa sababu ya baridi si kinga.

Ifunge hita nje ya nyumba, kwenye ukuta wa nje, ikiwa ni ya aina iliyotengenezwa kukaa nje. Ikiwa lazima iwe ndani, isiwe bafuni wala chumba cha kulala, na iwe ya aina iliyofungwa kabisa, inayovuta hewa kutoka nje kwa bomba lake na kutoa moshi nje kwa bomba lake. Kisha weka king'ora cha monoksidi kaboni karibu na vyumba vya kulala. Mtungi nao ukae nje, wima, mbali na mashimo ya maji machafu, kwa kuwa gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa na ikivuja hutambaa chini na kutuama. Hakikisha pia kwamba hita imetengenezwa kwa gesi ya mtungi. Ile ya gesi asilia ina matundu ya ukubwa tofauti, na kuiunganisha kwenye mtungi bila kubadilishiwa vipuri na fundi wa gesi ni hatari ile ile kwa njia nyingine.

SWALI: Maji yetu ni magumu, hata birika hujaa chokaa. Je, hita isiyo na tangi itahimili?
— Mwalimu mstaafu

JIBU: Itahimili kwa sharti la kuisafisha. Njia za maji ndani yake ni nyembamba, na utando wa chokaa ambao kwenye tangi ungeishia chini kama mchanga, huku unazibana njia hizo na kuzuia joto lisiyafikie maji. Siku ya kuifunga, mwambie fundi aweke koki mbili zenye midomo ya kusafishia, moja kwenye maji yanayoingia na nyingine kwenye yanayotoka. Mara moja kwa mwaka, au mara mbili ikiwa chokaa ni nyingi kama unavyoeleza, zima umeme au gesi, funga koki za nyumba, kisha zungusha siki nyeupe ndani ya hita kwa pampu ndogo na ndoo kwa muda wa dakika 45 hadi saa moja, na umalizie kwa kuisuuza kwa maji safi. Usiipandishe zaidi ya nyuzi 50 bila sababu, kwani chokaa hujitenga na maji upesi zaidi kadiri joto linavyopanda. Bila koki zile mbili, kazi hii inamlazimu fundi kufungua mabomba, na kazi inayomlazimu fundi kufungua mabomba haifanywi kila mwaka.

SWALI: Tuliambiwa maji moto yatatoka papo hapo. Mbona jikoni tunasubiri kama zamani, na hata zaidi?
— Wanandoa wapya

JIBU: Kwa sababu hita iko mbali na jikoni. Bomba la milimita 22 lina takribani lita 0.3 za maji katika kila mita. Likiwa na urefu wa mita 20, kuna lita 6 za maji yaliyopoa zinazopaswa kutoka kwanza, na kwa mwendo wa lita 6 kwa dakika hiyo ni dakika nzima. Tangi nalo lilikuwa na kasoro hiyo hiyo. Hita yenu imeongeza sekunde chache za kuhisi mwendo wa maji na kuwaka, ndiyo maana mnaona kama mmerudi nyuma. Hita ndogo ya jikoni, iliyofungwa chini ya sinki, ingeondoa subira hiyo pamoja na maji yanayomwagwa bure. Kwa maoni yangu, hita ndogo mbili zilizo karibu na matumizi ni bora kuliko moja kubwa iliyo katikati ya nyumba, mradi umeme uziruhusu.

SWALI: Umeme wetu hukatika mara kwa mara, na tuna mpango wa kuweka paneli za kupasha maji kwa jua. Je, tuondoe tangi sasa?
— Mkulima

JIBU: Msiliondoe. Jua hupasha maji mchana na watu huoga jioni na alfajiri, kwa hiyo lazima pawepo mahali pa kuyaweka, na mahali hapo ni tangi. Vivyo hivyo umeme unapokatika: tangi lililokwisha kupashwa huendelea kuwahudumia kwa saa nyingi, ilhali hita ya papo kwa papo ya umeme husimama mara moja, na nyingi za gesi pia huhitaji umeme kidogo kwa ajili ya feni na kibiriti chake. Hata pampu ya joto, ambayo kwa uniti moja ya umeme huyapa maji joto la uniti 2 hadi 4 kwa kulivuna kutoka hewani, huhitaji tangi. Nafuu yake inazidi mbali ile ya kuondoa tangi, nami ningependa kuona watu wakiizungumza zaidi.

Hita ya papo kwa papo inaweza kuwekwa baada ya tangi la jua, ili iongeze zile nyuzi zinazopungua siku za mawingu. Nunueni aina inayopima joto la maji yanayoingia na kupunguza nguvu yake yenyewe, na inayoruhusiwa na mtengenezaji kupokea maji yaliyokwisha kupashwa. Ile isiyo na uwezo huo huongeza nyuzi zile zile hata maji yanapoingia yakiwa moto, na hapo mtu anaweza kuungua.

Jambo jingine: tangi likiendelea kutumika, msiliache kwenye nyuzi 40 kwa nia ya kubana matumizi. Bakteria wa lejionela, waliojulikana baada ya mlipuko wa ugonjwa wa mapafu uliotokea Philadelphia mwaka 1976, hustawi katika maji ya nyuzi 20 hadi 45 yaliyotuama, na huingia mwilini kwa mvuke na manyunyu ya shawa. Tangi lipashwe hadi nyuzi 60, kisha maji yapunguzwe joto kwa vali ya kuchanganya kabla hayajafika bombani.

SWALI: Hita yetu imeshafungwa na fundi anakuja kesho kuiwasha. Tuangalie nini?
— Msomaji mpya

JIBU: Angalieni asiwashe umeme kwanza. Maji yafunguliwe kwenye bomba la maji moto lililo mbali kuliko yote, yaachwe yatiririke mpaka yaache kukohoa hewa na yatoke mfululizo, kisha chujio ifunguliwe na kusafishwa, maana takataka za kazi ya mabomba huishia humo. Baada ya hapo aangalie maungio yote kwa kitambaa kikavu, apime waya wa ardhini, abonyeze kitufe cha majaribio cha kifaa cha kukata umeme unapovuja na kuona kwamba kinakata kweli, ndipo awashe hita ikiwa kwenye joto la chini. Koili ikipata umeme ikiwa na hewa badala ya maji huungua kwa sekunde chache, na dhamana za watengenezaji kwa kawaida hazihesabu hilo kuwa kosa lao.